Pandikizi la Brooklyn lililopiga blues kwa Kiswahili

Leo nina kesi, na hakimu ni wewe.

Kesi yenyewe ilizuka kijiweni kwetu hapa Kashaulili, nje ya kibanda cha fundi simu, muda ule wa jioni ambao vumbi limeanza kutulia na wauza mahindi ya kuchoma wamewasha majiko yao. Tulikuwepo washkaji wanne watano hivi, pamoja na mstaafu mmoja wa reli ambaye hapendi kabisa kuitwa babu, anataka aitwe mzee mzima. Mara akatokea dogo mmoja tunayemfahamu sote.

Huyu dogo ni mpapasa kinanda. Jumapili anapigia kwaya kanisani, Jumamosi utamkuta kwenye arusi na sherehe za kipaimara, kajikunyata pembeni ya spika, akimsindikiza emsii anapoita watu wakatunze. Chombo chenyewe ni Yamaha la mtumba. Noti mbili hazilii mpaka uzikandamize kama unaua kunguni. Lakini dogo anajua, hilo hatubishani. Nimeona mama wa watu kalia kwa ajili ya kinanda kile, na bwana harusi alikuwa hata hajaingia ukumbini.

Siku hiyo dogo alikuja na habari kwamba kapata mteja. Anakiuza. Atachanganya na akiba yake, atoe malipo ya kwanza ya pikipiki, aingie kwenye bodaboda. Baba yake mdogo kamwambia bila kumung'unya maneno kuwa kinanda si kazi, ni starehe ya watu wengine, na kwamba mwanamume hawezi kuoa kwa kutegemea arusi za wenzake. Nilicheka. Halafu nikaona dogo hacheki.

Sasa wakati tunamshauri, kila mmoja na lake, simu yake ilikuwa inaporomosha muziki kwa sauti ya chini. Piano nzito, matarumbeta kwa nyuma, na ngoma ambazo ukifumba macho unadhani kuna mtu anatolewa unyago mtaa wa pili. Mzee mzima akatega sikio.

"Hii nini, mwanangu?"

"Blues hiyo, mzee. Inaitwa Kucheza Blues."

"Kucheza?"

"Ndiyo mzee, kucheza."

"Kucheza hii hii ya kwetu?"

Hapo kijiwe kikawaka moto. Mjuaji wetu, maana kila kijiwe kina mjuaji wake, akatangaza kuwa huyo ni Mzungu aliyewahi kuishi Zanzibar. Mwingine akasema ni Mkenya, Wakenya ndio wenye mambo hayo. Mzee mzima akasema alipokuwa mtoto Wazungu wa mgodi wa risasi walikuwa na santuri zao, ila hakuwahi kusikia hata mmoja inayoimba Kiswahili. Tukawekeana dau la soda, mimi nikapewa kazi ya kwenda kuchimba. Nimechimba, na nimekuta makubwa.

Mpiga piano huyo anaitwa Randy Weston. Si Mzungu, si Mkenya. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926. Na lilikuwa jitu kweli kweli, urefu kama mita mbili hivi. Ukiangalia picha zake piano inaonekana kama meza ya chekechea. Viganja vyake ndivyo siri ya kazi yake, kwa sababu mkono mmoja wa kushoto ulikuwa unashusha bezi utadhani kuna watu watatu wamejificha ndani ya kasha.

Baba yake, Frank Edward Weston, alizaliwa Panama katika ukoo wenye asili ya Jamaica. Alikuwa na mgahawa, na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahubiria watu weusi wa Marekani kwamba kwao ni Afrika. Nyumbani kwake ukutani kulikuwa na ramani za Afrika na picha za wafalme wa Kiafrika. Akawa anamwambia mwanawe kwamba wewe ni Mwafrika uliyezaliwa Marekani, basi. Jiulize, hiyo ni miaka ya 1930, wakati kwenye sinema za huko Mwafrika alikuwa ni mtu wa kuruka ruka na mkuki. Mama yake, Vivian, alitoka jimbo la Virginia, na kwa upande wake mtoto akapata muziki wa kanisani. Kwa hiyo kabla hajagusa noti, keshatengenezwa na watu wawili, mmoja wa ramani na mmoja wa zaburi.

Piano hakuitaka. Yeye alitaka mpira wa kikapu, na kwa urefu ule nani angemlaumu. Baba akamlazimisha. Mtaani kwao vijana walikuwa wanaharibikiwa, na mzee aliona bora mtoto akae amenuna mbele ya piano kuliko acheke barabarani. (Dogo nilipomsimulia hapa alisema, "Kumbe kuna wazee wanaolazimisha upande ule!" Sikumjibu.)

Ikaja vita kuu ya pili. Randy akaingizwa jeshini mwaka 1944, akafikishwa hadi kisiwa cha Okinawa kule Japani. Aliporudi hakuwa mwanamuziki wa kulipwa, tuelewane hapo. Alikuwa mtu wa mgahawa. Aliendesha mgahawa wa familia Brooklyn, anapanga vikombe, anafuta meza, usiku anasikiliza wakali. Na mtaa ule wakali walikuwa wamejaa. Mpiga dramu Max Roach alikuwa jirani, mpapasa piano Wynton Kelly alikuwa binamu yake. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Thelonious Monk, ambaye alifundisha kwa kukaa kimya. Weston alikuwa anakwenda kwake, wanakaa masaa, Monk hasemi kitu, halafu anapiga. Ukimsikiliza Weston utaielewa shule hiyo. Anapiga noti mbili, anaziacha zitembee, anasubiri kama mtu aliyeuliza swali. Wapiga vinanda wetu wengi wana ugonjwa wa kujaza kila nafasi kama konda wa daladala. Samahani, dogo, sikukusudia wewe.

Pesa yake ya kwanza ya muziki ilitoka kwenye blues ya kuchezea, siyo kwenye jazz ya watu wanaokaa wamekunja nne. Kati ya mwaka 1949 na 1953 alizunguka na bendi za watu kama Bull Moose Jackson na Eddie "Cleanhead" Vinson, waimbaji wa blues wa kutoa jasho. Tusimame hapa kidogo, maana kijiweni waliniuliza hiyo blues ni nini hasa.

Blues, kwa mpigaji, ni kodi tatu. Siyo hizi za mamlaka ya mapato, nasema kodi za gitaa na kinanda, zile noti zinazopigwa kwa pamoja. Unahesabu mapigo manne manne, mara kumi na mbili, halafu unarudi mwanzo. Mwimbaji anasema shida yake, anairudia ili uisikie vizuri, kisha anaimalizia kwa jambo ambalo mara nyingi ni kichekesho kichungu. Ni muziki uliotokea Kusini mwa Marekani kwa wajukuu wa watumwa. Kwa umbo hakuna rahisi kuliko huo, hata dogo aliupata kwa jioni moja. Kazi iko kwenye zile noti zinazopinda, ambazo si za furaha wala si za huzuni. Kwenye gitaa unavuta waya. Piano haina waya wa kuvuta, kwa hiyo mpigaji anagonga noti mbili zinazopakana kwa mpigo mmoja, zigombane. Mtu asiyejua anadhani umekosea.

Na hapa lazima niwachokoze wazee wetu. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz hapo juu kwa majirani zetu, Nuta Jazz, Vijana Jazz, yote hayo ni majina ya jazz na hakuna hata bendi moja iliyokuwa inapiga jazz ya New York. Ilikuwa rumba, na damu ya Cuba ndani yake. Jina lilikuwa la fasheni, kama vile saluni kuitwa Paris. Na piano huikuti kwenye zile bendi, ni magitaa, ngoma na vya kupuliza. Mzee mzima alicheka kuliko sote. Anasema hebu fikiria mmebeba piano kwenye behewa la daraja la tatu kutoka Tabora, mnabadili Kaliua usiku, mnafika Mpanda alfajiri, halafu mashabiki wanauliza hilo kabati ni la nani.

Basi tumrudie mtu wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Brooklyn ilichafuka kwa unga. Wanamuziki waliangushwa na heroini mmoja baada ya mwingine. Weston akakimbia. Alikwenda kaskazini, kwenye vilima vya Berkshire katika jimbo la Massachusetts, sehemu ya watu kupumzikia, akapata kazi jikoni kwenye hoteli za kule. Anaosha vyombo na kupika mchana, usiku anapapasa piano ya wageni. Naomba ulizingatie hilo, ndugu hakimu, kwa sababu ndilo linaloigusa kesi yetu. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, keshazunguka na bendi za maana, na bado alikuwa anaosha masufuria. Wala hakuona aibu kusimulia mpaka uzeeni.

Kule vilimani ndiko mambo yalikojipa. Kulikuwa na mwanahistoria wa jazz, Marshall Stearns, aliyekuwa akikusanya watu kujadili muziki huo umetoka wapi. Weston alikutana na wapiga ngoma, wacheza ngoma, washairi. Yale aliyokuwa anaambiwa na baba yake mezani akayasikia sasa kwa wasomi, kwamba ukifuata blues kinyumenyume utafika Afrika. Mwaka 1954 akatoa santuri yake ya kwanza, mwaka uliofuata jarida la Down Beat likamtaja kuwa mpiga piano chipukizi wa mwaka. Akatunga Hi-Fly, ambayo mpaka leo wapiga jazz wanaifanyia mazoezi. Akatunga Little Niles kwa ajili ya mtoto wake wa kiume.

Na akakutana na Melba Liston. Dada zangu mnaosoma safu hii, jina hilo likateni mlibandike ukutani. Huyu alikuwa mwanamke mpuliza tromboni katikati ya mabendi ya wanaume watupu, na alikuwa na kalamu ya kupanga vyombo ambayo wanaume wale walikuwa wakiigombania. Weston alikuwa anampigia wimbo kwenye piano, Melba anakwenda kuugeuza uwe wa bendi nzima, kila tarumbeta na mahali pake pa kuingilia. Urafiki wao wa kikazi ulidumu karibu miaka 40. Santuri iliyotutoa jasho kijiweni ni kazi ya hao wawili.

Sasa twende mwaka 1960. Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru mwaka huo. Weston akaamua kutengeneza santuri kubwa ya kusherehekea, sehemu nne, bendi ya watu zaidi ya ishirini. Alitaka iwe na maneno, na maneno hayo yawe kwa lugha ya Kiafrika. Lugha ipi? Mtu wa Brooklyn angejuaje? Akaenda kuuliza kwa Waafrika waliokuwa kwenye Umoja wa Mataifa pale pale New York. Lugha iliyochaguliwa ikawa Kiswahili, kwa sababu ilivuka makabila na mipaka.

Mshairi mkubwa wa watu weusi, Langston Hughes, akaandika shairi la uhuru. Aliyelitia kwenye Kiswahili, na ambaye sauti yake ndiyo inayosikika mwanzoni mwa santuri ile, ni Mtanganyika. Jina lake Tuntemeke Sanga. Ndiyo, ni yule yule Sanga ambaye baadaye alirudi nyumbani akawa mbunge wa Makete, wafuatiliaji wa siasa watakuwa wanamkumbuka. Nilipofika hapa kwenye utafiti wangu nilisimama nikazunguka chumba. Ilikuwa Novemba 1960. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, bendera yetu haijapanda, 9 Desemba 1961 ilikuwa bado zaidi ya mwaka mmoja mbele. Na tayari kijana wetu amesimama mbele ya kipaza sauti New York, anatamka neno uhuru kwa Kiswahili, nyuma yake ngoma za Olatunji wa Nigeria na za Wakyuba, Candido na Armando Peraza.

Santuri inaitwa Uhuru Afrika. Sehemu ya kwanza ni Uhuru Kwanza. Ya pili ni African Lady, sifa kwa mwanamke mweusi, wameimba Martha Flowers na Brock Peters. Ya tatu ni Bantu. (Mzee mzima alitaka kujua ni Bantu gani, Mbende, Mpimbwe au Mkonongo. Nikamwambia wote, akaridhika.) Na ya nne ndiyo hiyo, Kucheza Blues. Mtunzi aliweka blues mwishoni, wakati wa sherehe, na akaipa jina la Kiswahili, kama anayesema kwamba siku Afrika nzima ikiwa huru tutacheza, na tutakachocheza ni hiki hiki tulichokitengeneza kwenye mateso. Humo utamsikia Freddie Hubbard akiwa kijana wa miaka 22 akipuliza tarumbeta, Yusef Lateef, Kenny Burrell kwenye gitaa, na Max Roach yule jirani wa Brooklyn. Kikosi kama hicho leo usingeweza kukilipa.

Watu wengi wanajua kuwa Wamarekani weusi wana sikukuu yao ya Kwanzaa yenye majina ya Kiswahili. Hiyo ilianza mwaka 1966. Santuri ya Weston iliitangulia kwa miaka sita.

Serikali ya makaburu nayo ilisikia. Mwaka 1964 Afrika Kusini ilipiga marufuku Uhuru Afrika. Piano, matarumbeta na maneno machache ya Kiswahili, na watu wenye vifaru wakaona hatari. Mimi nadhani walisikiliza vizuri kuliko wapenzi wengi wa jazz wa wakati huo.

Kuhusu fedha, msitegemee hadithi ya kasri. Weston alikwenda Lagos mwaka 1961, akarudi tena 1963. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ikamtuma na bendi yake kuzunguka nchi 14 za Afrika, za magharibi na za kaskazini. Msafara uliishia Moroko, na mtu wetu akapapenda. Akahamia huko na watoto wake wawili. Tangier akafungua klabu, akaiita African Rhythms. Akakaa na Wagnawa, watu ambao mababu zao walivushwa jangwa la Sahara utumwani, wanaopiga gambusi la bezi la ngozi ya ngamia na kugonganisha vyuma mikononi usiku kucha mpaka mgonjwa apandishe na apone. Ni jamaa wa karibu wa ngoma zetu za pepo, ukinisikiliza mimi. Weston alisema humo ndani aliisikia blues. Watu waliopelekwa kaskazini na watu waliopelekwa magharibi, hawajaonana kwa mamia ya miaka, na wanapinda noti ile ile.

Mwaka 1972 aliandaa tamasha kubwa pale Tangier, akaita wakali kutoka Marekani. Watu walifurahi, yeye akabaki na madeni. Mwaka huo huo kampuni moja ya New York ikamrekodi Blue Moses na kumwekea piano ya umeme, kitu ambacho hakukipenda hata kidogo. Na ndiyo santuri iliyouza kuliko zake zote! Dogo hapo aliinuka kabisa kwenye benchi. "Kwa hiyo kinanda cha umeme ndicho kilichomwokoa?" Nikamwambia usinitie maneno mdomoni, mwenyewe alikuwa ananung'unika. "Lakini kiliuza?" Kiliuza. "Basi," akasema, akakaa.

Baada ya hapo ni miaka mingi ya kuzunguka, Ulaya, Afrika, kurudi Brooklyn. Melba Liston alipatwa na kiharusi mwaka 1985, upande mmoja ukalemaa. Wengi wangeishia hapo. Akajifunza kupanga muziki kwa kompyuta, na Weston akamfuata na kazi. Mwaka 1991 wakatengeneza The Spirits of Our Ancestors, na mwaka 1993 Volcano Blues, santuri nzima ya blues, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu na matarumbeta yanaingia pale pale yanapotakiwa. Melba alifariki mwaka 1999. Weston alitunukiwa heshima ya juu ya serikali ya Marekani kwa wapiga jazz mwaka 2001, akatoa kitabu cha maisha yake mwaka 2010, na akafariki nyumbani kwake Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018. Alikuwa na miaka 92 na alikuwa bado anapanda jukwaani.

Sitaki mdhani nimemezwa mzima mzima. Afrika ya Weston wakati mwingine ni nzuri kupita kiasi, ni ya wafalme na mizimu, haina foleni ya maji wala umeme kukatika katikati ya mnuso. Nadhani ile ni Afrika ya ukutani kwa baba yake. Sisi tunaoishi humu ndani tunaijua na harufu zake. Lakini nani kati yetu, mwaka 1960, akiwa na nafasi moja tu ya kukodi studio na watu ishirini, angeitumia yote kuwasifu watu asiowajua wa nchi asiyowahi kukanyaga? Kwa lugha asiyoielewa?

Na lingine linaniuma. Lugha ilikuwa yetu, sauti ilikuwa ya Mtanganyika, na mimi nimezaliwa, nimekua, nimeandika mambo ya muziki kwa miaka, jambo hili nimelipata kwenye simu ya mtoto wa watu anayetaka kuuza kinanda.

Jumamosi nilirudi kijiweni na majibu. Soda nilikunywa mimi, maana hakuna aliyepatia. Mzee mzima aliomba Kucheza Blues irudiwe, akaisikiliza yote kafumba macho, mguu mmoja unapiga chini. Ilipoisha akamuuliza dogo kama anaweza kuipiga. Dogo akasema zile kodi tatu anaweza, ule mkono wa kushoto hawezi.

"Inachukua muda gani kuupata?"

"Sijui, mzee. Miaka."

"Bodaboda inachukua muda gani?"

"Siku mbili."

Mzee hakusema kitu tena. Alikuwa kama Monk.

Mnunuzi alikuja jana yake, kwa taarifa yako. Bei waliyokuwa wamepatana ilikuwa laki tatu na nusu. Dogo akamwambia sasa ni laki sita. Jamaa akauliza kimeongezeka nini, dogo akasema mwenye kinanda ameongezeka maarifa. Jamaa akaondoka kwa hasira na kuahidi kurudi mwisho wa mwezi. Baba mdogo bado ana msimamo wake, nimekutana naye dukani hakunijibu salamu vizuri. Na Jumamosi ijayo kuna arusi, dogo ameshachukua advansi, na ameniambia kwa siri kwamba wakati wa kukata keki kuna kitu atakipenyeza, mkono wa kulia tu, emsii asijue.

Kadi ya mwaliko sina, lakini nitakuwepo nje ya ukumbi. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.